Babu ataka kumpa mwanangu bunduki, nami nimeliona bega lake

Bi Mshauri, shikamoo.

Nilianza kuisoma safu hii nikiwa bado Voi, na sikudhani ipo siku nitakuandikia. Niliondoka nyumbani 2009. Leo naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nauguza wazee zamu ya usiku. Nina mtoto mmoja, mvulana wa miaka 13. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mwaka 2018 niliolewa tena, na mume wangu ni mtu wa huku, Mzungu aliyelelewa shambani kusini mwa jimbo, kwenye mahindi na soya mpaka macho yachoke. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema maana najua barua za namna hii zinavyosomwa.

Shida yangu ni bunduki.

Kwao kuwinda si habari. Baba mkwe ana miaka 74, na kila Oktoba anaingia majanini na mbwa wake kutafuta fezanti, ndege wa kimo cha kanga, dume lake lina shingo ya kijani inayong'aa na mkia mrefu kama ufito. Mwanangu alianza kufuatana nao akiwa na miaka kumi, kazi yake kubeba ndege. Mwaka juzi aliniletea wawili. Niliwapika kwa tui la kopo, babu akaongeza sahani mara tatu, mimi nikauma kitu kigumu, kumbe ni marisau, vile vidonge vidogo vya chuma vinavyotoka kwenye risasi. Tulicheka sana usiku ule. Nakueleza ili ujue kwamba sikuja hapa kuchukia kila kitu.

Aprili mtoto alimaliza kozi ya usalama wa silaha na kupata cheti. Babu alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo ikifika, atakuwa na bunduki yake mwenyewe. Sasa imekuwa vuta nikuvute. Babu anataka kumpa ile aliyopewa na baba yake alipokuwa mdogo, nyembamba, wanaiita .410, inaingia risasi moja tu na kuna chuma cha kuvuta nyuma kwa dole gumba kabla ya kufyatua. Mume wangu anasema hiyo ya makumbusho, yeye atamnunulia geji 12 kama yake, na kama kitako ni kirefu basi "atakua nacho", vile tunavyonunua sare ya shule. Mtoto mwenyewe ameona dukani geji 20 inayojipakia yenyewe, ya rangi ya majani makavu, na anaizungumzia kama wenzake wanavyozungumzia viatu. Wanaume watatu, bunduki tatu, wakati wa chakula, mezani kwangu. Nilipotia neno mume aliniambia kwa upole, "Mpenzi, hili tuachie sisi."

Na kweli sijui kitu. Kwetu niliona bunduki kwa watu wa aina tatu: polisi, askari wa Tsavo, na wale waliokuwa wakitafutwa na hao wawili. Mjomba wangu alifungwa kwa digidigi mmoja aliyenaswa na waya. Nilipomweleza mama kwa simu alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu amekuwa jangili wa Wazungu?"

Tena mtoto wangu ni mweusi. Nilikuwa hapa Julai 2016, Philando Castile, mtu mweusi, alipopigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari pale Falcon Heights, mtu mwenye kibali, aliyemwambia polisi mwenyewe kwamba ana silaha. Askari yule mahakama ilimwachia mwaka uliofuata. Mume wangu anajua habari hiyo, lakini mimi inanijia usingizini.

Jambo la mwisho. Juni walikwenda shambani, wakamjaribisha geji 12 ya mume wangu. Jumatatu nilimkuta anabadilisha shati, bega la kulia limevilia damu, rangi ya bilinganya. Akalifunika upesi. Akasema, "Mama, usimwambie. Atasema siwezi." Sijamwambia mtu. Amekuwa na furaha mwaka huu, nami naogopa kuivuruga, maana majira ya baridi yaliyopita alikuwa mzito wa moyo, hali chakula vizuri, hatoki chumbani, hadi mwalimu akanipigia simu. Yalipita.

Wanataka uamuzi kabla ya Septemba. Ni bunduki gani isiyo na madhara kwa mtoto wa kilo 41? Au nikatae tu? Nikikataa, nitakuwa nimemnyang'anya babu pekee aliyebaki naye?

Mama wa Mmoja, Minnesota

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa tui la kopo, maana liliniambia mengi.

Nikisoma barua yako naona umeuliza swali moja la dukani, lakini ndani yake umefunga mengine matatu: nani ana sauti juu ya mtoto huyu, je, nchi hii itamwona mwindaji au itamwona mhalifu, na je, yeye mwenyewe yuko salama na nafsi yake. La dukani ndilo jepesi. Nitaanza nalo kwa sababu hiyo, na kwa sababu ukilijua vizuri hutaambiwa tena "tuachie sisi".

Mimi si mgeni kabisa wa mambo haya. Marehemu mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori miaka 22, na nyumba yetu ilinuka mafuta ya bunduki kuliko ilivyonuka vitunguu. Hata hivyo yale yalikuwa mambo ya kazi, si ya mtoto. Kwa hiyo kabla ya kukujibu niliwapigia simu watu wawili wetu wanaowinda huko, mmoja Minnesota, mmoja Wisconsin. Wamenisumbua kwa maelezo wiki nzima.

Kwanza hizo namba za geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu. Chukua ratili moja ya risasi, ile metali, kama gramu 453, uigawe katika vidonge 12 vilivyo sawa. Upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu wa geji 12, milimita 18.5 hivi. Ukiigawa mara 20 vidonge vinakuwa vidogo, na mtutu unapungua hadi milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda bunduki inashuka. Hiyo ya babu haifuati hesabu hii; .410 ni upana wenyewe kwa inchi, kama milimita 10.4.

Huenda unadhani, na ningedhani hivyo hivyo, kwamba nyembamba ndiyo ya mtoto. Wote wawili walinikatalia kwa nguvu. Risasi ya kawaida fupi ya .410 ina gramu 14 za marisau, ya geji 20 ina kama 25, ya geji 12 ina kama 32. Marisau yanatoka kama konzi ya mchele uliorushwa. Ukirusha machache, ndege anapita katikati au anajeruhiwa na kwenda kufia majanini. Fezanti ni ndege mgumu. Mtoto anayekosa kila mara hukata tamaa, na mtoto anayejeruhi kila mara hujifunza kitu kibaya zaidi. Bwana wa Wisconsin aliniambia .410 ni bunduki ya fundi, ila kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiwapa wanaoanza. Tena kile chuma cha dole gumba: asubuhi ya Oktoba, vidole vimekufa ganzi, mtoto akitaka kukirudisha taratibu bila kufyatua, kinaweza kumteleza. Simlaumu babu. Alijifunza nayo, na anachompa mjukuu ni kumbukumbu ya baba yake. Hapo pana njia ya katikati ambayo huenda hawajaifikiria: mtoto aipokee bunduki ile kwa heshima zote, apige nayo makopo mawili matatu siku ya sherehe, halafu ikae kwa babu kama urithi wake wa baadaye. Mtoto kupewa bunduki si lazima iwe hiyo hiyo ya kuwindia.

Geji 12 ya mume wako, bega limekwisha kuisemea.

Lakini niongeze, kwa sababu "atakua nacho" ni neno zuri kwenye sare na baya kwenye kitako cha bunduki. Kitako cha mtu mzima, kupima kutoka kifyatulio hadi begani, huwa kama sentimita 36. Zile zinazotengenezwa kwa vijana huwa kati ya 30 na 33 hivi, na baadhi huja na vipande vya kuongezea mtoto anapokua. Kwa hiyo kukua kumeshafikiriwa na waliozitengeneza. Kitako kirefu humlazimisha mtoto kuegemea nyuma, bunduki inashikwa mkononi badala ya begani, teke lote, ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma, linampata kwenye mfupa. Akipigwa mara tano hivyo, anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo kuitoa ni kazi ya miaka. Jaribio lao ni hili: bunduki ikiwa tupu na imehakikiwa kuwa tupu, mtoto afumbe macho, aiinue, aweke shavu, kisha afumbue. Kama anaona moja kwa moja juu ya mtutu, inamfaa. Kama imekwama kwapani, ni ndefu. Na wamwangalie jicho lake lenye nguvu ni lipi, maana mtu anaweza kuandika kwa mkono wa kulia huku jicho linalotawala ni la kushoto, na akikosa atadhaniwa mzembe.

Geji 20 basi? Ndiyo inayotajwa na wengi kwa umri na kilo za mwanao, na wawindaji wangu wote wawili waliitaja kabla sijamaliza swali. Ila hata hapo pana mambo. Zile za kukoki kwa mkono, kama Mossberg 500 na Remington 870 za vijana, ni rahisi kuzielewa, na kila risasi inadai mtoto afanye kitendo kabla ya nyingine. Ni nyepesi kubeba kutwa nzima. Ubaya wake, bunduki nyepesi hurusha teke zaidi, kwa hiyo aanzie risasi za nguvu ndogo. Hiyo anayoitaka yeye, inayojipakia yenyewe, zile zinazotumia gesi ya baruti kuendesha mtambo hupunguza teke kwelikweli. Huenda mwanao ana akili kuliko tunavyomdhania. Huenda ameipenda hiyo kwa sababu ya bega, akasingizia rangi. Hatari yake ni kwamba akishafyatua, risasi nyingine iko tayari papo hapo, na mtoto aliyefurahi hugeuka kumwangalia babu huku mtutu ukigeuka naye. Walimu wengi humpa risasi moja moja msimu wa kwanza, bunduki iwe ya aina gani.

Jambo moja nataka ulishike hata ukisahau mengine, kwa sababu linahusu gari lenu hasa, lenye geji mbili ndani yake. Risasi za geji 20 huwa na ganda la manjano, na sababu yake si urembo. Ikitumbukia kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12, haishiki, inateleza mbele na kukwama mtutuni. Mtu anaangalia, anaona pako wazi, anaweka ya 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Kwa hiyo wakienda na geji mbili, mifuko isichanganywe kamwe, na koti la mume wako likaguliwe kabla ya kuvaliwa na mtoto. Hili unaweza kulisema mezani kesho, kwa sauti ya kawaida, uone nani atanyamaza.

Na masikio. Mlio wa bunduki hizi unapita desibeli 140, na uziwi wake hauponi. Mwulize baba mkwe mara ngapi anaomba watu warudie maneno, halafu umnunulie mtoto vizibo vizuri kabla ya bunduki yoyote. Miwani pia. Nguo ya rangi ya chungwa inayowaka, ya kuwafanya wawindaji waonane, wanaijua. Nimeambiwa Minnesota tangu 2017 hata waridi inayowaka inaruhusiwa, kama utataka kwenda nao na uchague rangi.

Nimesema kwenda nao kwa makusudi. Umeandika kwamba ulipotia neno uliambiwa uwaachie wao, na umelipokea hilo kana kwamba ni ada ya huko. Sijui kama ni ada. Mume anaweza kusema "tuachie sisi" akimaanisha "usijisumbue", mke akasikia "huyu si wako katika hili". Wewe ndiye umemjua mtoto huyu miaka 13. Kozi ile aliyofanya, ambayo huko huwapokea watoto kuanzia miaka 11, watu wazima nao wanaifanya. Ukiifanya, hutakuwa mwindaji, wala sikutumi uwe. Utakuwa tu mtu anayejua kufungua bunduki na kuona kama ina kitu ndani. Katika nyumba yenye silaha, mtu mzima asiyejua hilo ni hatari hata kama haigusi. Kuna gharama: utakuwa umeingia upande wao kidogo, na mama yako Voi atakuwa na la kusema.

Mama yako nimwambie nini? Ana haki ya kushtuka. Kenya ilifunga uwindaji 1977, kwa hiyo kizazi chako kizima kimekua kikijua kwamba anayewinda ni jangili, na mjomba wako alilipia. Huko mjukuu anafuata msimu uliotangazwa na kiwango cha ndege kwa siku, na askari wa wanyamapori akitokea majanini watasalimiana. Sikuambii ipi bora. Mume wangu alikamata maskini wengi wenye waya na kitoweo cha siku moja, na alikuwa halali usingizi baada ya baadhi yao. Mweleze tu kwamba neno ni moja lakini mambo ni mawili, halafu umpigie simu ya picha siku ya kupika.

Kuhusu Castile sitakutuliza. Kila ulichoandika juu yake ni kweli, na hofu yako si ndoto. Ninachoweza kufanya ni kukuuliza hofu hiyo inakaa wapi hasa. Majanini, katika shamba la babu, katikati ya watu wanaomjua kwa jina? Nadhani inakaa njiani na mjini. Basi masharti yako yaelekee huko. Bunduki isafiri tupu, ndani ya mfuko wake, kwenye buti, na anayeendesha awe mtu mzima anayejua atasema nini akisimamishwa. Mtoto asiibebe mtaani hata hatua kumi kutoka mlangoni hadi garini. Na picha zisisambae. Picha ya mvulana wa Kizungu na bunduki na fezanti huko inaitwa utamaduni. Ya mwanao inaweza kukatwa, ndege akaondolewa, ikafika kwa mwalimu mkuu bila maelezo. Mwambie mume wako jambo hili waziwazi. Kulijua kwake kwa kusoma magazeti hakutoshi. Aseme yeye mwenyewe atafanya nini siku hiyo. Jibu lake litakufundisha mengi kuliko ushauri wangu.

La sheria kidogo: mtoto hanunui. Duka lenye leseni halimuuzii bunduki ya aina hii aliye chini ya miaka 18, hivyo mnunuzi na mwenye mali ni mume wako, hata kama inaitwa zawadi. Wewe usitie saini fomu yoyote kabla ya kuuliza mwanasheria kuhusu karatasi zako za ukaazi. Mwenye kadi ya kudumu ana haki zake, lakini wenye viza za muda wengi wao hawaruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ndugu yako yeyote akija kutembea, mkumbushe.

Sasa nirudi kwenye yale uliyoyaandika upesi.

"Yalipita," umesema, kuhusu majira ya baridi. Mwanangu, sentensi ile niliisoma mara nne. Huenda kweli yalipita. Baridi ya huko huwalemea hata watu wazima, na mvulana wa miaka 12 ana sababu mia za kujifungia chumbani. Lakini hali chakula vizuri, hatoki, mwalimu akapiga simu: hayo yanahitaji kutajwa kwa daktari wake kabla ya Septemba, hata kama leo anacheka. Tangu 2020 risasi ndizo zinazoongoza Marekani kuua watoto na vijana, zimezipita ajali za magari, na karibu theluthi ya vifo hivyo ni vijana waliojipiga wenyewe. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba silaha ikiwa nyumbani hatari hiyo inaongezeka. Mara nyingi ni saa moja mbaya tu, ambayo ingepita kama yale ya kwako yalivyopita, ila kitu cha kuimalizia kilikuwa karibu. Sisemi mwanao ana wazo hilo. Nasema hakuna anayejua baridi ijayo itakujaje, na kumuuliza kijana moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujidhuru hakumpandikizii wazo. Namba ya msaada huko ni 988, kwa simu au ujumbe, usiku na mchana. Iandike mahali anapoiona na yeye.

Hapo ndipo naona swali la geji linapungua ukubwa na swali la ufunguo linakua. Bunduki ya mtoto italala wapi? Na ile ya mume wako, je, inalala wapi leo? Hukuandika, na ningependa ujue. Sheria ya Minnesota inalifanya kosa kuiacha silaha yenye risasi mahali ambapo aliye chini ya miaka 18 anaweza kuifikia, lakini wewe unaweza kudai zaidi ya sheria: kabati la chuma, risasi mahali pengine na kufuli jingine, na ufunguo usining'inie nyuma ya mlango wa jikoni, maana watoto hujua funguo zilipo kuliko wazazi wanavyodhani. Au zote zilale kwa babu shambani, mtoto azikute huko Jumamosi na kuziacha huko Jumapili. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo njia inayokupa usingizi zaidi, ingawa mume wako anaweza kuiona kama dharau, kwamba nyumba yake haiaminiki. Ukiieleza kwa habari ya baridi, si kwa habari ya bunduki, huenda akasikia. Yeye naye aliishi na mtoto yule baridi ile.

Kukataa kabisa? Unaweza. Wewe ni mama yake. Ukikataa, fikiria kwamba hatakatazwa bunduki tu, atakatazwa asubuhi zile na mzee wa miaka 74 ambaye Oktoba zake zinahesabika, na huenda akaanza kwenda na rafiki ambaye baba yake humjui. Ukikubali mwaka huu, umekubali kabla baridi moja haijakuonyesha kitu. Katikati pana msimu mmoja wa kungoja: aendelee kutembea nao na mbwa, ajifunze kwa bunduki ya kuazima katika timu ya kulenga visahani vya udongo. Shule nyingi za Minnesota zinazo timu hizo, huanzia darasa la sita, kuna kocha, na humo ataona watoto wa kilo 41 wakijaribu bunduki za kila aina kabla mtu hajatoa pesa. Atanung'unika. Miaka 13 hunung'unika. Swali ni kama atasikia "bado" au atasikia "huwezi", na hilo linategemea nani atamwambia. Ningependa awe babu.

Maana bega ndilo lililonishika. Mtoto ameumia, akaficha, akakupa siri uibebe. Amejifunza mahali fulani kwamba bei ya kuwa na hawa wanaume ni kutosema "naumia". Labda hawakumfundisha wao. Wavulana waliofiwa na baba hujifundisha wenyewe, wanaogopa kumpoteza na wa pili. Mume wako angeshtuka kujua, nadhani, kama ni mwema ulivyoniambia. Na ukae ukijua kwamba mtoto anayeficha maumivu akiwa na bunduki mkononi ataficha pia uchovu, baridi ya vidole, na kwamba hakuona vizuri babu alikosimama. Wawindaji wangu wawili waliposikia habari ya bega waliacha kuzungumza geji. Yule wa Wisconsin aliuliza tu, "Baba wa kambo anajua?"

Siri ile usiivunje nyuma ya mgongo wake. Mwambie kwanza kwamba huwezi kuendelea kuibeba, na umpe nafasi aseme mwenyewe, wewe ukiwepo. Usimketishe kama kesi. Mngoje mnapokunja nguo, au garini, macho yakiwa mbele. Akijibu neno moja, liache hilo neno likae.

Niandikie baada ya fezanti, au baada ya kukosa kwenda. Na mara nyingine, kabla ya kutia tui, pitisha kidole kila penye tundu kwenye nyama ya kidari. Marisau hujificha humo humo.